Mbele ya Kopo, Nyuma ya Kopo

Jumatatu, 3 Februari 2025. Thika

Bosi ameamua. Rafu yote ya kushoto, ile ya nepi na pamba, kuanzia leo ni ya virutubisho. Anasema Panadol na dawa za malaria hazilipi kodi ya duka. Kinacholipa ni kopo la shilingi elfu tatu na mia tano ambalo haliulizwi karatasi ya daktari. Sikumbishia, kwa sababu daftari la mauzo naliandika mimi.

Nimeshinda nikipanga. Mafuta ya samaki kwa moyo, glukosamini kwa magoti, kolajeni kwa ngozi, proteini kwa vijana wa jimu, spirulina, mlonge, jeli ya nyuki, vitamini za watoto zenye umbo la dubu. Joto limetulazimisha kufungua milango yote miwili, na vumbi la barabara limetua juu ya makopo kabla sijamaliza kuyapanga.

Jambo moja limenikaa kichwani. Dawa hujieleza kwa kilichomo: miligramu kadha za kitu fulani. Makopo haya yanajinadi kwa kisichomo. Haina gluteni. Haina maziwa. Haina soya. Haina karanga. Moja limezidi yote: limeandikwa kwa herufi za dhahabu kwamba halina kitu chochote cha kuleta aleji. Mwili wa binadamu unaweza kukataa karibu protini yoyote. Huyu aliyeandika amejuaje?

Alhamisi, 6 Februari. Thika

Wateja wachache leo, mshahara wa Januari umeshaisha. Nimeyageuza makopo na kusoma migongo yake.

Glukosamini. Mbele: haina gluteni, haina maziwa, haina sukari. Nyuma, kwa herufi za kutafutia miwani: imetokana na magamba ya kamba wa baharini na kaa. Ndivyo glukosamini nyingi duniani inavyotengenezwa, kwa magamba yanayobaki viwandani. Ipo nyingine inayotokana na kuvu anayekuzwa kwenye mahindi, lakini si hii. Mwenye mzio wa kamba akisoma mbele tu ataona orodha ndefu ya vitu visivyokuwamo, adhani wamekumbuka kila kitu. Wataalamu wanasema hatari ni ndogo, kwa kuwa protini inayoleta mzio wa kamba hukaa zaidi kwenye nyama kuliko kwenye gamba. Sawa. Lakini uamuzi wa kubahatisha ni wa mwenye koo, si wa mwenye kuchapa lebo.

Proteini ya jimu. Mbele: haina karanga. Nyuma: unga wa lozi. Karanga ni jamii ya kunde. Lozi, korosho na makadamia huzaliwa mitini, na mzio wake hutajwa peke yake. Sisi watu wa Thika tungepaswa kuwa wa kwanza kujua hilo, maana makadamia ilianza kupandwa karibu na mji huu mwaka 1946, shambani kwa Bob Harries.

Jeli ya nyuki. Mbele: haina gluteni, haina laktosi, haina vihifadhi. Yote kweli. Ila jeli yenyewe ndiyo mzio. Kule Australia lebo ya jeli ya nyuki hulazimika kuonya kwamba imewahi kuleta mizio mikali, na mara chache vifo, hasa kwa wenye pumu. Kopo letu halina onyo hata mstari mmoja, na wakala aliyeileta alituambia inafaa sana kwa wenye pumu.

Jumapili, 9 Februari. Ruiru

Jioni Mama Bebi wa mlango wa mwisho amebisha, mtoto amelala begani, kopo mkononi.

Mtoto ana miaka miwili. Tangu alipoonjeshwa maziwa ya ng'ombe mara ya kwanza, ploti nzima inajua kwamba hayapaswi kumfikia. Jana kwenye chama chao alikuja wakala wa biashara hizi za kuingizana, na unga wa kuongeza watoto uzito na akili. Mbele ya kopo: haina maziwa. Mama Bebi alimuuliza mara mbili, akaonyeshwa maandishi. Leo asubuhi akaweka kijiko kimoja kwenye uji.

Midomo ilivimba kabla bakuli halijaisha. Vipele, kutapika, halafu kikohozi cha kukauka. Akampa Piriton, akaona haisaidii, akarukia bodaboda. Hospitali walimdunga adrenalini na kumweka chini ya macho yao hadi alasiri.

"Dadangu, wewe unakaa na dawa kila siku. Nisomee hii. Mimi nimeona haina maziwa, au sijui kusoma?"

Anajua kusoma vizuri kabisa. Nimegeuza kopo. Kiambato cha sita: kaseineti ya sodiamu.

"Hiyo ni nini?"

"Ni maziwa, Mama Bebi."

Amekaa kitandani mwangu bila kusema kitu. Halafu: "Elfu nne na mia tano. Na bado sijamaliza kulipa."

Nimemwambia jambo moja ambalo nataka alikumbuke kuliko kopo lenyewe. Piriton hutuliza mwasho na vipele. Haifungui njia ya hewa wala haipandishi presha iliyoanguka. Dawa ya kwanza ni adrenalini, na mtaani kwetu adrenalini iko hospitalini. Siku nyingine asingoje kuona kama Piriton itashika.

Jumatatu, 10 Februari. Thika

Niandike vizuri nikiwa bado na hasira.

Kaseini ni karibu asilimia 80 ya protini ya maziwa ya ng'ombe. Kaseineti ni kaseini hiyohiyo iliyotiwa alkali ili iyeyuke majini. Wenye viwanda wanaipenda kwa sababu inafanya unga uwe laini na mweupe, na ndiyo iliyomo kwenye vikolezo vingi vya kahawa vinavyoitwa visivyo vya maziwa. Sheria ya Marekani imeruhusu jina hilo kwa miaka mingi, mradi orodha ya nyuma iseme kwamba kaseineti imetokana na maziwa. Kwenye kopo la Mama Bebi hata hilo halikuandikwa.

Kuna mtego wa pili, nao nauona kila siku kaunta. Mteja anasema, "Daktari, maziwa hunisumbua," na muuzaji anampa kilichoandikwa haina laktosi. Laktosi ni sukari ya maziwa. Ukiiondoa, protini zote zinabaki. Wengi wetu tukikua mwili huacha kuisaga laktosi, tumbo likajaa gesi na kuunguruma. Hakuna aliyekufa kwa hilo. Wafugaji ni hadithi nyingine: utafiti wa Sarah Tishkoff na wenzake uliochapishwa 2007, kwa watu 470 wa Tanzania, Kenya na Sudan, ulionyesha kwamba jamii nyingi za wafugaji wa huku zina mabadiliko yao wenyewe ya jeni yanayowawezesha kunywa maziwa ukubwani, tofauti na yale ya Wazungu.

Mzio ni kinga ya mwili kupigana na protini, na unaweza kuua katika dakika chache. Watu wa aina mbili, shida mbili, lakini rafu yetu inawauzia kibandiko kimoja.

Alhamisi, 13 Februari. Thika

Nimempigia simu wakala aliyemuuzia Mama Bebi lile kopo. Nilitegemea kelele, nimepata adabu tupu. "Daktari, pole sana kwa mtoto. Bidhaa yetu imepimwa. Nakutumia cheti sasa hivi."

Cheti kimekuja kwa WhatsApp, kurasa mbili, muhuri wa buluu. Nimekisoma mstari kwa mstari. Risasi, aseniki, zebaki na kadimiamu: chini ya kikomo. Salmonela: hakuna. E. koli: hakuna. Ukungu: chini ya kikomo. Ni kipimo kizuri na ningependa kila kopo liwe nacho. Protini ya maziwa haikupimwa. Ni kama kumuuliza mtu leseni ya udereva akakutolea cheti cha ubatizo.

Nimempigia tena. "Maziwa yamepimwa wapi?"

"Daktari, si wameandika haina?"

Basi ndiyo hiyo. Ushahidi wa lebo ni lebo.

Kwenye kona ya cheti kulikuwa na herufi tatu, FDA, na mviringo wa dhahabu. Hizo zinauza kuliko bei. Nimemweleza kwamba mamlaka hiyo ya Marekani haiidhinishi virutubisho kabla havijauzwa, tangu sheria yao ya 1994. Kiwanda kujiandikisha kwao ni jambo la anwani na namba. Hakuna aliyekionja wala kukipima kilichomo. Ameshukuru kwa elimu. Kuhusu pesa za Mama Bebi, amependekeza kumbadilishia: kopo lingine, la ladha ya vanila.

Jumapili, 16 Februari. Ruiru

Mama Bebi hataki kuona kopo tena. Anarudi kwenye uji, na ameniomba nimsindikize kisiagini baada ya kanisa.

Dirishani kwa muuza nafaka kulikuwa na pakiti za unga wa uji wa familia zenye kibandiko kilichochapwa saiba: wa asili, hauna kemikali, hauna gluteni. Ndani: wimbi, mtama, mahindi, mbegu za mchicha, soya, karanga na omena. Kwa hesabu ya mzio hapo kuna soya, karanga na samaki, vyote kwenye mfuko mmoja, na kibandiko hakina habari navyo. Wimbi, mtama na mahindi kwa asili havina gluteni, hivyo maneno ni kweli kwa nafaka. Lakini kinu kinasaga na ngano. Kanuni za kimataifa za vyakula, Codex, ambazo nchi nyingi hufuata, zinataka kinachoitwa kisicho na gluteni kisizidi miligramu 20 za gluteni kwa kilo. Kiasi hicho hakionekani kwa jicho, na kibandiko cha saiba hakikipimi.

Mzee wa kisiagi alitusikiliza akiwa na unga hadi kwenye nyusi.

"Mama, nisikudanganye. Mashine ni moja. Asubuhi imesaga soya ya mtu, sasa hivi inasaga omena. Mimi husukuma mahindi kidogo kusafisha, lakini siwezi kukuapia. Njoo Jumanne mapema. Tukifungua mashine kuosha, nikusagie wa kwanza."

Hana lebo, hana muhuri, hana cheti. Ametaja chanzo, ametaja mashine, na ametaja asichoweza kuahidi. Makopo yote ya rafu yangu yakiwekwa pamoja hayajanieleza hivyo.

Jumatano, 19 Februari. Thika

Mvua hakuna, wateja hakuna. Nimesoma sheria, na nimegundua hatukosi sheria.

Kiwango cha Kenya kuhusu lebo za vyakula vilivyofungashwa, KS EAS 38, ambacho ni cha Afrika Mashariki nzima na kimefuata Codex ya 1985, kinataja makundi manane ambayo lazima yaandikwe sikuzote: nafaka zenye gluteni, jamii ya kamba na kaa, mayai, samaki, karanga na soya, maziwa (laktosi ikiwemo), njugu za mitini, na salfaiti kuanzia miligramu 10 kwa kilo. Novemba 2024 Codex walirekebisha orodha yao, na ufuta umeingia. Kwa hiyo kopo likisema halina "vizio vyovyote", kwa kawaida linamaanisha vile vya kwenye orodha fulani. Orodha ya nani, ya mwaka gani, halisemi. Jeli ya nyuki haimo kwenye hiyo ya manane.

Kipo kingine, EAS 804, cha madai kwenye vyakula. Chakula kisielezwe kwa namna ya uongo au ya kupotosha, na mwenye kudai awe na uwezo wa kuthibitisha dai lake. Mwongozo wa Codex wa 1979 umeenda ndani zaidi kuhusu madai ya kutokuwepo kwa kitu: kiwe kitu ambacho mnunuzi angetarajia kukikuta humo, na kama kimebadilishwa kwa kingine chenye kazi ileile, hilo lielezwe wazi.

Juu ya yote hayo kuna Ibara ya 46 ya Katiba ya 2010: mtumiaji ana haki ya kupewa taarifa anazohitaji na ya kulindwa afya yake. Sheria ya Ushindani ya 2010 nayo inakataza kumpotosha mnunuzi kuhusu bidhaa.

Nimetuma namba ya kibali cha kopo moja kwa SMS kwenda 20023, laini ya Shirika la Viwango. Jibu limekuja: jina la kampuni, jina la bidhaa, kibali kiko hai. Huduma hii imewaumbua wauza bandia wengi na naipenda. Lakini inajibu swali la nani. Swali la Mama Bebi lilikuwa la nini.

Tatizo jingine ni mipaka. Unga ukiitwa chakula, ni wa Shirika la Viwango na maafisa wa afya ya umma. Ukisema unatibu, unaingia kwa Bodi ya Famasia na Sumu. Waandishi wa lebo wanaujua mstari huo kuliko sisi. Kopo linaandika halitibu ugonjwa wowote, halafu mdomo wa wakala unamalizia.

Jumamosi, 22 Februari. Ruiru

Nisidhani ni shida ya Ruiru peke yake. Desemba 2017, mjini Bath, Uingereza, mama wa miaka 42 mwenye mzio mkali wa maziwa alinunua chapati ya mboga iliyokunjwa. Alikuwa makini maisha yake yote. Ndani kulikuwa na mtindi wa nazi ulioandikwa hauna maziwa. Alikufa siku hiyohiyo. Uchunguzi wa mahakama ulikamilika Septemba 2022, na mchunguzi wa vifo, Maria Voisin, alieleza jinsi protini ya maziwa ilivyofika: haikutiwa na mpishi wa mtindi, ilikuja ndani ya wanga uliotumika kuufanya mzito, kutoka kiwanda cha mbali. Ushauri wake ulikuwa kwamba anayeandika "haina" awe na utaratibu wa kuhakikisha kitu hicho hakimo, kwenye kila kiambato na kwenye kila hatua.

Kwenye virutubisho nako wamepima. Mwaka 2015 watafiti wa Chuo Kikuu cha Columbia walichukua aina 22 za vidonge vya bakteria wa tumbo zilizokuwa zikiuzwa sana Marekani. Zaidi ya nusu zilikutwa na gluteni, zikiwemo zilizojiandika hazina. Nyingi zilikuwa chini ya kikomo. Chache hazikuwa.

Hizo ni nchi zenye maabara kila kona. Sisi tunategemea kibandiko kilichosafiri kutoka huko.

Nimeona pia kopo lenye maneno mawili kwa pamoja: mbele halina maziwa, nyuma limetengenezwa kwenye mashine zinazotumika kwa maziwa. Mbele ameandika mtu wa mauzo, nyuma ameandika mwanasheria. Namwamini mwanasheria.

Jumatatu, 3 Machi. Thika

Waislamu wameanza kufunga jana. Kijana mmoja aliuliza kama kidonge cha mafuta ya samaki ni jelatini ya ng'ombe au ya nguruwe. Kopo halisemi. Hakununua, na alikuwa na haki.

Mchana alikuja shosho, kitambaa kichwani, pampu ya pumu kwenye kibeti. Anataka ile ya nyuki. Mjukuu amemwonyesha kwenye simu kwamba inafungua kifua.

"Shosho, hii sikuuzii. Wewe una pumu, na hii imewahi kuwafunga kifua watu wenye pumu."

"Lakini imeandikwa haina madhara."

"Imeandikwa haina gluteni, Shosho. Hiyo gluteni wewe haikusumbui."

Amenitazama kwa muda, akaniuliza nimesomea wapi, akaondoka bila kuaga. Bosi alikuwa nyuma ya pazia. Hakusema kitu mbele ya wateja, nampa heshima hiyo. Baada ya kufunga aliniuliza kama sasa nalipwa ili nifukuze watu.

Jumamosi, 8 Machi. Thika

Tumezungumza na bosi hadi saa mbili usiku. Si mtu mbaya. Ana mkopo wa duka na watoto wawili chuoni. Hoja yake ina uzito: tukiondoa makopo sisi, duka la ng'ambo ya barabara litayauza, tena na mtu asiyesoma nyuma. Hoja yangu: siku mtoto wa mteja wetu akivimba, hakuna atakayekumbuka jina la kiwanda. Watakumbuka duka.

Tumekubaliana hivi. Makopo yote yageuzwe, orodha ya viambato itazame nje. Kadi kubwa ya Kiswahili iwekwe kwenye rafu: kama wewe au mtoto ana mzio, uliza kabla ya kulipa. Jeli ya nyuki na chavua ya nyuki zihamie nyuma ya kaunta, na mwenye pumu asiuziwe. Na kila msambazaji aandikiwe barua yenye maswali matatu: kila kiambato kimetokana na nini, mashine yenu inatengeneza nini kingine, na protini ya kitu mnachosema hakimo imepimwa na maabara gani, ikakutwa kiasi gani. Vipimo hivyo vipo. Maabara hutumia njia ya ELISA inayonusa protini yenyewe, na si siri ya serikali. Atakayenyamaza hadi mwisho wa Aprili, bidhaa yake inatoka.

Nimejaza pia fomu ya manjano ya Bodi ya Famasia na Sumu kuhusu mtoto wa Mama Bebi, na nimelipelekea Shirika la Viwango picha za kopo, mbele na nyuma. Mama Bebi ametia sahihi kwa mkono uliotulia.

Jumamosi, 15 Machi. Ruiru

Leo ni Siku ya Haki za Watumiaji Duniani. Walichagua tarehe hii kwa sababu ya ujumbe wa Rais Kennedy kwa Bunge la Marekani, 15 Machi 1962, aliposema mnunuzi ana haki ya usalama, ya kupewa taarifa, ya kuchagua na ya kusikilizwa.

Majibu ya barua. Msambazaji wa mafuta ya samaki amejibu yote, na chanzo cha jelatini kimo: ng'ombe. Wa glukosamini amekiri magamba ya kamba na ameahidi kubandika onyo mbele. Wa proteini anasema tuulize ng'ambo. Wa jeli ya nyuki hajapokea simu. Mauzo ya rafu yameshuka kidogo, si kwa kiasi alichokihofia bosi. Wateja wanasimama, wanasoma, wanauliza. Shosho amerudi kuchukua pampu yake ya pumu.

Hukumu yangu ni hii, na nitaisema kwa yeyote atakayeniuliza kaunta. "Haina" isiyo na kipimo ni tangazo, na tangazo halimkingi mtoto. Mzigo wa kuthibitisha ni wa aliyeandika, wala si wa mama mwenye kijiko mkononi. Shirika la Viwango lina kanuni mkononi tayari. Lidai cheti cha kipimo cha kitu kilekile kilichotajwa kabla ya kutoa kibali kwa lebo yoyote yenye dai hilo, na likikosa kukiona, maneno yafutwe kwenye kopo. Hadi siku hiyo, mwenye mzio asinunue kwa kusoma mbele. Ageuze kopo, na akikuta jina asilolijua, aliache dukani.